Pete Iliyopauka

Busia, upande wa Uganda
6 Februari 2025

Kwako mdogo wangu Kate Taaka,

Kaa chini kwanza. Kama umesimama tafuta kigoda, maana ninachokuambia kinaweza kumwangusha mtu mzima. Kaka yako Paddy Egesa ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote kuanzia Lumino mpaka Malaba, na anayebisha aje na shahidi.

Unanijua nimetembea. Nimekula Juba, nimelala Mombasa, nimefukuzwa Eldoret na mama mwenye hoteli kwa sababu niliwachekesha wateja wake wakasahau kuagiza chakula. Lakini kote huko sijaona kitu kama nilichookota hapa nyumbani. Nilikuwa machimboni Buteba naosha mchanga, zulia la kunasia dhahabu likanasa kitu kigumu. Nikadhani kizibo cha soda. Kuinua, pete! Dhahabu ya zamani, Taaka, ile nzito, si hizi za sokoni zinazokuachia kidole cha kijani. Katikati ina jiwe jekundu kama jicho la jogoo, ubavuni vijiwe viwili vya kijani, na lulu ndogondogo zimelizunguka lile jekundu kama watu waliozunguka chungu cha pombe na mirija yao. Aliyeivaa zamani hakuwa mtu wa kuchota maji.

Bwana Odeke, yule mnunuzi wa dhahabu, alitaka kuiyeyusha. Ndiyo kazi yao hao. Mawe wanang'oa, lulu wanakanyaga, dhahabu inaingia motoni inatoka donge. Nikamwambia, bosi, hii haiingii motoni mimi nikiwa hai.

Na tangu siku hiyo mambo yamefunguka. Siku hizi sifanyi kazi kwa mikono. Hata barua hii siandiki mimi, nimeajiri katibu! Katibu mwenyewe ni wifi yako Patience, mwandiko wake unauona, umenyooka kama mistari ya mahindi. Mimi nakaa, nakunja nne, nasema, yeye anaandika. Mwisho naweka dole gumba kama wenye mali. Mshahara wake ni ruhusa ya kunizomea.

Na afya je? Wenzangu wa machimbo wanalia, huyu kichwa, huyu meno. Mimi zebaki, yale maji mazito yanayong'aa kama kioo tunayonasia dhahabu, nimeishika kwa viganja miaka yote. Nimeikamua kwenye kitambaa, nimeichoma kwenye kifuniko cha sufuria mpaka moshi wake ukanijua jina. Na niko mzima kama fahali. Wengine tumezaliwa hivyo.

Sasa sababu ya barua. Babra akitoka huko kuuza dagaa wake ameniambia tumbo limeonekana. Ameniambia pia kwamba huli vizuri, na kwamba unakaa umeweka mkono tumboni ukisikiliza, kama mtu anayesubiri mwizi. Najua. Wale wawili waliotangulia hatutawataja kwenye karatasi. Huyu atakaa.

Kwa hiyo nakutumia pete. Si zawadi, ni azimo! Uivae mpaka ujifungue, bahati yangu ikusimamie, halafu unirudishie nikiwa mjomba. Usiitaje kwenye simu. Ukitaja dhahabu kwenye simu kesho una wageni wasiobisha hodi. Na simu yenyewe ni ya mumeo, shemeji Okedi, sauti yake mama mkwe wako anaisikia akiwa shambani. Andika, mpe Babra siku ya soko.

Ndimi kaka yako,
Paddy Egesa
(dole gumba la mwenye bahati)

Katibu anasema anakusalimu sana. Nimemkatalia kuongeza mengine.

—

Mwello, Tororo
13 Februari 2025

Kaka yangu Paddy,

Pete imefika. Babra aliificha katikati ya dagaa, kwa hiyo bahati yako ilikuja inanuka Lumino nzima. Nimeiosha kwa sabuni, nimeivaa, imenitosha kidole cha kati kana kwamba nilipimwa. Nimekaa nayo juani nikiigeuzageuza. Lile jiwe jekundu linawaka, lulu zinakuwa kama zina maziwa ndani. Nilicheka peke yangu. Sijacheka hivyo tangu mwaka jana.

Kaka, mimi si mtoto, najua pete ni pete. Lakini usiku ule nililala. Mtoto alicheza, mkono wangu ulikuwa juu yake na pete juu ya mkono, nikajisemea, haya, tuko watatu.

Mama mkwe ameiona. Hakuna kitu asichokiona Mama Akello. Ameuliza ya nani, nikasema ya kaka. Akasema, "Kaka yako aliitoa kwa nani?" Nikamwambia umeiokota. Akachukua jembe lake akaenda shambani bila kuaga.

Okedi hajambo, ila amekuwa mtu wa kununa. Anakwenda Buteba kila wiki, ati wanajenga kanisa. Akirudi anajifungia jikoni mchana, mlango na dirisha, anachemsha dawa ya ng'ombe. Tuna ng'ombe mmoja, na hajaumwa. Nikimuuliza ananiambia nisubiri, kabla mtoto hajaja nyumba itakuwa na mabati. Sasa mabati na dawa ya ng'ombe vinahusiana vipi? Labda ng'ombe ndiye atakayeezeka.

Jambo moja. Hilo dole gumba limenichekesha, halafu likanikaa moyoni. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika jina langu, kwa kijiti, kwenye vumbi la uwanja wa Baba. Ulikuwa unajivunia ile E yako yenye mkia. Nimekosa kuiona. Mwambie katibu akupe kalamu siku moja tu. Na kwa nini usije? Busia na hapa ni karibu, na mimi sijakuona tangu Krismasi ile nyingine.

Dada yako,
Kate Taaka

—

Mwello
27 Februari 2025

Kaka,

Nimemfuata Babra mpaka barabarani kumpa barua hii kwa sababu siwezi kusubiri soko.

Pete imepauka.

Ilianza kama alama ya unga upande wa kiganja. Nilikuwa nimeingiza mkono nyuma ya mtungi wa unga, kule pembeni ya jiko, kutafuta chumvi. Nikadhani ni unga kweli. Nikafuta, haitoki. Nikasugua kwa majivu, haitoki. Asubuhi yake upande mzima umekuwa mweupe, mweupe wa kijivu, kama macho ya samaki aliyekaa. Dhahabu, kaka! Mawe yako vilevile, lulu ziko vilevile, ila dhahabu yenyewe imekufa.

Mama Akello alipoiona aliweka jembe chini. Akasema, "Mwenyewe anaidai." Akasema pete ya namna hiyo haipotei, huvuliwa kwenye maiti, na maiti mwenyewe akiikuta mkononi mwa mwenye mimba hachukui pete tu. Nilimwambia hayo ni maneno ya zamani. Akaniambia, "Sawa, mwanangu. Na wale wawili walichukuliwa na maneno ya nani?"

Nimeivua, nimeiweka kwenye kikombe, nimekifunika kwa sahani, nimeweka jiwe juu ya sahani. Nakuandikia nikikitazama kikombe hicho.

Mtoto amepunguza kucheza. Labda ni mimi ninayesikiliza sana. Kinywa changu kina ladha kama nimelamba sarafu, hata chai haiiondoi, na fizi zinatoka damu nikipiga mswaki. Mama anasema ndiyo dalili.

Kaka, niambie kweli, na uache mzaha kwa karatasi moja. Uliitoa wapi?

Taaka

—

Busia
1 Machi 2025

Taaka mdogo wangu,

Naacha mzaha. Katibu shahidi.

Nimeisoma barua yako, nikaisoma tena, Patience akaisoma kwa sauti, akaacha katikati. Nimeogopa. Nalisema neno hilo mara moja, usinizoeshe.

Hakuna maiti. Mwambie Mama Akello kwa heshima zake zote kwamba hajaja mtu kudai kitu. Dhahabu haipaushwi na mizimu. Nimeishi na dhahabu, na ninakuambia kuna kitu kimoja tu kinachoifanya nyeupe hivyo, nacho ni zebaki. Ikiigusa dhahabu inaing'ang'ania, inaingia ndani yake, ndiyo maana tunaitumia kunasia vumbi la dhahabu mchangani. Tone dogo kuliko mbegu ya mtama linatosha pete nzima. Hapa machimboni hata mtoto akiona pete nyeupe kidoleni hasemi mzimu, anasema umeshika zebaki wapi?

Basi na mimi nauliza. Umeishika wapi? Wewe huchimbi. Mwello hawachimbi.

Nyuma ya mtungi wa unga, Taaka. Pembeni ya jiko. Na mume anayerudi kutoka Buteba akajifungia jikoni mchana, mlango na dirisha. Hakuna kanisa linalojengwa Buteba, ningelijua, ningeshaombwa mchango. Okedi ananunua mchanga wa dhahabu na anaichoma zebaki kwenye jiko lako. Unapoichoma inapaa, haina harufu, huioni, halafu inatua. Kwenye nyasi za paa, kwenye unga, kwenye sufuria, kwenye kifua cha anayepika. Ladha ya sarafu mdomoni si mimba. Fizi si mimba. Mtoto aliye tumboni anakula unachovuta.

Sikiliza sasa. Usiingie tena jikoni humo. Pikia nje, kwa sufuria ya kuazima. Unga uliomo humo usiliwe. Nenda zahanati umwambie nesi neno hilo hilo, zebaki, asije akakupa dawa ya minyoo. Halafu uje Lumino kwa mama yake Patience, amekwisha kutandika kitanda.

Na pete, tafadhali, ISIPELEKWE MOTONI. Okedi akiiona atajua la kufanya, na atalifanya vibaya. Ukiipasha moto rangi inarudi, kweli, lakini ile zebaki inapaa yote na kumwingia aliyekaa karibu. Iache kwenye kikombe, na kikombe kiwe nje.

Nimepiga simu ya Okedi. Akasema uko shambani. Nikapiga tena, shambani. Sikutaka kumtupia maneno haya simuni akakugeukia wewe.

Ningekuja mwenyewe, lakini unajua mtu mkubwa ana miadi. Babra hatakuwa na safari mpaka soko. Kila siku inayopita naihesabu kama mtu aliye selo.

Kaka yako,
Paddy
(dole gumba)

—

Mwello
7 Machi 2025

Kaka Paddy,

Barua yako imechelewa siku moja. Ngoja nikueleze, usimlaumu Babra.

Okedi alikiona kile kikombe na jiwe lake juu ya sahani. Akafunua, akacheka. Sijamwona akicheka hivyo tangu aanze safari zake. Akasema, "Kumbe hii ndiyo inayowanyima usingizi? Njoo nikuonyeshe muujiza." Akanichukua mkono tukaingia jikoni, akafunga mlango, akaweka pete kwenye kifuniko cha sufuria juu ya makaa. Aliniambia nipulize moto. Nikapuliza. Nilikuwa nimeinama karibu kabisa, kaka, kwa sababu nilitaka kuona.

Na ikarudi! Weupe uliondoka kidogo kidogo mbele ya macho yangu, dhahabu ikatokea, ya njano kama siku ile ya kwanza. Nililia. Nilimkumbatia Okedi nikasema bahati ya kaka yangu imerudi. Mama Akello alikuwa mlangoni, hata yeye akasema asante Yesu.

Lulu ndizo zimeungua. Zimekuwa rangi ya meno ya mvuta tumbaku, moja imepasuka. Nikajiambia si neno, lulu ni mapambo.

Kesho yake Babra akaleta barua yako.

Nilisoma nikiwa nimesimama pale pale jikoni. Nikafungua mlango na dirisha. Halafu nikaenda kuangalia nyuma ya mtungi wa unga. Kuna kichupa cha mafuta ya kujipaka, nimekuwa nikikisogeza miezi yote hii nikidhani kimeisha. Nilipokiinua kilikuwa kizito kama jiwe la kusagia. Ndani kulikuwa na uso wangu, mdogo, unacheza.

Nilimwekea Okedi mbele yake. Hakukana. Alisema alitaka kunishtua na mabati. Alisema kaniwekea siri kwa sababu ya wezi, si kwa sababu ya ubaya. Kaka, namwamini. Mikono yake ilikuwa na malengelenge, amechimba kweli. Lakini nilipomwambia uliyoyaandika, akaenda ndani akatoka na barua yako ya kwanza. Akaisoma kwa sauti, mama yake akisikiliza. Pale uliposema umeishika kwa viganja miaka yote, umeichoma mpaka moshi ukakujua jina, na uko mzima kama fahali. Mama Akello akapiga makofi. Okedi akanigeukia akasema, "Sasa tumwamini Egesa yupi? Wa Februari au wa Machi?"

Swali hilo hilo nakuuliza wewe. Kama umeichoma miaka yote na uko mzima, umenenepa, una katibu, mbona mimi niogope kwa miezi michache? Au ni kweli ulitaka tu pete yako irudi, ukaona aibu kuiomba? Hivyo ndivyo Okedi anavyosema. Nitamtoroka mume na mimba hii kwa sababu ya nini, kaka? Niende Lumino watu waseme nini?

Mtoto leo amecheza mara moja, asubuhi. Tangu hapo nimeweka mkono, nangoja.

Nimeendelea kupika humo. Mvua inanyesha na nje hakuna paa.

Taaka

—

Mwello
8 Machi 2025

Shemeji Egesa,

Salamu. Mimi si mwandishi kama wewe na katibu wako, nitakuwa mfupi.

Umemjaza dada yako hofu, sasa hali chakula. Kazi ninayofanya ndiyo kazi uliyoifanya wewe. Wewe mwenyewe, tukiwa kwenye arusi yangu, ulinyoosha mikono mbele ya watu ukasema mikono hii imechoma dhahabu ya nusu ya Busia na haina hata kovu. Nilikuona. Ndipo na mimi nikapata moyo wa kwenda Buteba. Leo nimeanza kupata kidogo unasema ni sumu?

Kama ni sumu, nionyeshe mtu mmoja iliyemuua. Mmoja tu ninayemjua.

Mimi nimezika watoto wawili hapo nyuma ya nyumba. Usidhani nacheza na wa tatu. Nataka azaliwe chini ya bati, si chini ya nyasi zinazovuja. Mvua haihitaji maelezo.

Pete yako itakuja na Babra. Na mguu wako usikanyage kwangu mpaka atakapozaliwa. Nasema kwa heshima, lakini nasema.

Okedi

—

Mwello, dukani, barabarani
11 Machi 2025

Taaka, na wewe shemeji Okedi, someni pamoja.

Hii naandika mwenyewe. Patience amekaa karibu yangu, ameshika karatasi kwa mikono miwili isiende. Hajaandika neno. Tazameni herufi. Ile E yangu yenye mkia, Taaka, ndiyo hiyo inayofanana na buibui aliyekanyagwa. Kuna karatasi nyingine hapa chini nimezitoboa kwa kalamu. Mwenye duka ameniletea chai, nusu iko kwenye suruali yangu, anajifanya hajaona.

Okedi, umeomba mtu mmoja unayemjua. Sijakanyaga kwako, niko hapa barabarani kama ulivyosema. Njoo unitazame. Tembea tu mpaka duka la mihogo. Nitanyoosha mikono mbele yako kama siku ya arusi, uone inavyocheza ngoma bila mpigaji. Siku ile ya arusi ilikuwa imekwisha kuanza. Ndiyo maana niliirusha juu juu na kupiga kelele, kila mtu akadhani ni furaha.

Sina katibu. Nina mke anayenilisha kwa kijiko na kunifunga vifungo vya shati. Dole gumba naliweka kwa sababu saini yangu siiwezi. Meno ya nyuma yameondoka. Usiku silali, mchana nakasirika bure, nimemtukana Patience maneno ambayo sikuyajua kuwa ninayo. Daktari aliniuliza kazi yangu, nikamwambia, akaweka kalamu chini. Alisema kwa mtu mzima inakula mishipa. Nikamuuliza, na kwa mwenye mimba? Akasema huyo hasogezwi hata dirishani pa jiko inamochomwa. Hapo ulikuwa hujashika mimba, Taaka. Nilijua na bado nilikuandikia ule upuuzi wa fahali, kwa sababu ulikuwa na hofu, na mimi sijui kumtuliza mtu mwenye hofu isipokuwa kwa kujisifu.

Pete sikuiokota. Iliuzwa kwa Odeke na mama mmoja mzee kutoka upande wa Kenya, alilia akiivua. Mimi nilikuwa mchomaji wa Odeke. Siku hiyo nilimwaga zebaki yake mezani, mikono ilikataa. Akanifukuza. Akaniuliza nataka nini cha kuagwa nacho. Pete ilikuwa pale inangoja kuyeyushwa. Nikasema hiyo. Nilikufikiria wewe tu. Nilitaka uwe na kitu kizuri kidoleni kisichojua habari zetu.

Na iliifanya kazi yake, kama mnataka kujua. Isingekuwa pete hiyo hakuna kati yetu ambaye angejua kilicho nyuma ya mtungi. Imepauka ili tuone. Hiyo ndiyo dawa yote iliyokuwa nayo, na imekwisha, kwa hiyo lulu zilizoungua msizisikitikie.

Shemeji, sikuja kukunyang'anya mke. Mpeleke wewe mwenyewe, umshike mkono, leo, zahanati, halafu Lumino. Baki huko naye. Kile kichupa kifunge vizuri ukiwa umefunika pua, ukipeleke mbali na maji na watu, usikimwage. Jiko bomoa. Nitakuja kusaidia kwa mdomo, ndio unaofanya kazi bado. Mabati yatakuja, na yakikawia atazaliwa chini ya nyasi za Lumino ambazo hazijavuja tangu nimjue mama mkwe wangu. Mwambie Mama Akello alikuwa sawa kuogopa, alikosea tu wa kumwogopa.

Taaka, usiposhawishika na maneno, njoo uone. Uliuliza kwa nini siji. Ni kwa sababu hii. Nilijua ukiniona utanyamaza, na mimi sijawahi kukuona umeninyamazia. Babra analeta karatasi hii sasa hivi. Nimeelekeza kiti upande wa njia yenu. Naona paa la jiko lako kutoka hapa. Moshi unatoka. Tafadhali, kama ni wewe uliyemo, toka kwanza ndipo umalize kusoma.

Mkono umechoka. Nilisema mimi ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote kuanzia Lumino mpaka Malaba.

Nilidanganya.

Egesa